Hakuna Aliyemtuma Isidori

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, wazee wa ukoo wa Shao, majirani zetu wa Buguruni, wanajumuiya, wafanyakazi wenzetu wa Kariakoo, Mama Bharti na mwanao Dhruv ambao tangu juzi mmekaa nasi chini ya turubai hili, shikamooni wakubwa wote, na wadogo nawapa pole. Kwa wasionifahamu, naitwa Jovin Pantaleo Shao, mdogo wake marehemu, yeye alikuwa kifungua mimba na mimi ni kitinda mimba, na ukoo umenikabidhi karatasi hii niisome kabla ya misa na kabla ya safari ya kwenda Kibosho, ambako tutampumzisha Jumatatu. Karatasi imechapwa kurasa mbili, ila kwenye ukurasa wa mwisho nimeongeza maneno kwa kalamu leo asubuhi, maneno ambayo wazee hawajayaona, na nikifika hapo naomba mnivumilie, msininyang'anye kipaza sauti.

Marehemu Isidori Pantaleo Shao alizaliwa tarehe 4 Aprili 1970, Kibosho, mkoani Kilimanjaro, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano wa Mzee Pantaleo Shao na mama yetu Agnesi, ambaye yuko kijijini anamngoja, na kwa kuwa siku hiyo Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Isidori, jina halikutafutwa mbali. Alibatizwa tarehe 26 Aprili mwaka huohuo. Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1978 hadi 1984, akachaguliwa kuendelea na sekondari mwaka 1985, lakini mwaka uliofuata, akiwa kidato cha pili, baba yetu aliumia mgongo akawa hawezi kushika jembe, na asubuhi moja Isidori akavaa buti za baba akaingia shambani, sare yake ya shule akaikunja vizuri akamwachia mdogo wake anayemfuata. Wazee wanaonisikiliza ni mashahidi kwamba hakuna aliyemwambia aache shule. Hakuwahi kulalamika, hata sisi tuliosoma kwa sababu yake hatukuwahi kumwuliza kama ilimuuma.

Mwaka 1989 alikuja Dar es Salaam, akafikia kwa mjomba wetu hapahapa Buguruni, akabangaiza kwa miaka miwili, na tarehe 3 Juni 1991 akaajiriwa kwenye duka la jumla la vitambaa na mapazia la Mzee Harshad, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Kazi aliyopewa ilikuwa kushusha majora ya vitambaa kutoka kwenye gari, kuyapandisha stoo ghorofa ya kwanza, na kufagia jioni kabla ya kufunga. Hiyo ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya, na nawaomba mkumbuke hivyo, kwa sababu katika miaka thelathini na miwili aliyokaa pale sijui kama kuna kazi ambayo hakuifanya.

Tarehe 12 Agosti 1994 baba yetu alifariki, na siku ya mazishi, wakati jeneza linatolewa ndani, tukaona Mzee Harshad na mkewe, Mama Bharti, wanapandisha kile kilima cha kwetu kwa miguu, wamevumbika, wametoka Dar es Salaam kwa basi siku iliyotangulia, wakalala Moshi mjini, na hakuna mtu aliyewatarajia. Sisi tulizoea matajiri wanaotuma bahasha ya rambirambi kwa mkono wa dereva. Huyu alikaa kwenye benchi na wazee, mtori hakuula kwa sababu ya nyama, akachomewa ndizi akala kwa mikono kama sisi, na ilipofika zamu ya kufukia akashika koleo, akatupa udongo mpaka shati likalowa jasho. Kisha akamshika kaka begani akamwambia mbele ya watu, "Isidori, baba yako ni baba yangu, rudi kazini ukiwa tayari." Kama kuna mtu ana hamu ya kujua kwa nini kaka yangu aliishi alivyoishi, jibu liko pale makaburini kwetu, na halikuchukua hata nusu saa.

Maana baada ya hapo hakushikika. Paa la duka likivuja anapanda yeye, mteja kutoka Lubumbashi akichelewa basi anamsindikiza yeye na mizigo yake, mfanyakazi mpya asiyejua kukunja jora anafundishwa na yeye, na Mzee Harshad alipoanza kuumwa magoti mwaka 2009, akawa hawezi kupanda ngazi hadi kwenye kile kibweta chenye picha ya mungu wao, ni Isidori, Mkatoliki wa Kibosho, aliyewasha vijiti vya udi kila asubuhi kabla milango haijafunguliwa, kwa sababu mzee alikuwa hana raha duka likifunguliwa bila udi. Wanajumuiya mnakumbuka mlivyomkalisha kitako mkamhoji, naye akawajibu kwamba yeye anawasha kiberiti tu, kuabudu anaabudu mwenyewe, mkacheka mkamwacha. Wachagga wenzake walimtania zaidi, walimwuliza ni Mchagga gani anakaa Kariakoo miaka yote hiyo bila kuwa hata na fremu yake, akawa anajibu kwamba duka analo, ila limeandikwa jina la mtu mwingine.

Tarehe 27 Desemba 1997 alifunga ndoa takatifu Kibosho na Clotilda, ambaye yuko hapa mbele yetu, na Mungu akawajalia watoto wawili wa kike, Agnesi, aliyechukua jina la bibi yake, aliyezaliwa mwaka 1999, na Vicky, aliyezaliwa mwaka 2003. Watu wengi wanamjua Isidori wa dukani, lakini shemeji ndiye anayemjua yule aliyerudi nyumbani mabega yamekwisha, akakaa kwenye ndoo ya maji ya moto na kusema leo hakukuwa na kazi nyingi. Shemeji alilifahamu duka lile kama mke anavyomfahamu mke mwenza. Alilivumilia kwa sharti moja, kwamba Jumapili ni yake, misa ya kwanza wanakwenda pamoja, wakirudi wanakunywa chai pamoja, na Jumapili duka halimjui Isidori. Kaka alilishika sharti hilo miaka ishirini na sita.

Mimi alinileta mjini mwaka 1998, akanilaza kwenye chumba alichoishi na mke wake mpya, akanisomesha cheti cha utunzaji wa stoo, na mwaka 2004 akaniombea kazi dukani. Mzee Harshad alifariki tarehe 9 Novemba 2015, na siku iliyofuata kaka alikuja kazini amenyoa kipara cha kufiwa na baba, kama Dhruv, Wahindi wakaelewa na Wachagga wakaelewa. Dhruv alipoanza kuongoza alileta utaratibu, ambao ulihitajika, mashine ya kuweka kidole asubuhi na jioni, karatasi yenye majukumu ya kila mmoja, picha ya Mfanyakazi wa Mwezi ukutani, na mwaka 2018, kwa kuwa mimi nilikuwa na cheti na kaka hana, nikafanywa msimamizi wa maghala, yaani bosi wa kaka yangu. Wengine walinuna kwa niaba yake, yeye alininunulia shati.

Mwaka 2022 ililetwa semina, akaja mtaalamu na karatasi zenye viboksi, akatuuliza nini kinamfanya mfanyakazi afanye zaidi ya alichoandikiwa, tuweke alama kwenye mshahara, au cheo, au kusifiwa, au kuogopa kufukuzwa, nasi tukaweka alama haraka ili tukanywe chai. Kaka alirudisha karatasi yake tupu. Mtaalamu alipomwuliza kwa nini, alisema, "Mwalimu, hapa hujaacha nafasi ya kuandika jina la mtu." Mtaalamu aliandika kitu kwenye daftari lake na kutuambia hiyo ndiyo motisha ya hali ya juu kabisa, tukampigia makofi. Mimi nilipiga makofi kwa nguvu kuliko wote, na hata sasa najiuliza nilikuwa nashangilia nini, kwa sababu nilishajua siku nyingi jinsi motisha hiyo inavyotumika. Pale dukani tulikuwa na msemo, kila jambo lisilo na mwenyewe tunasema "mwambie Isidori", choo kimeziba, mwambie Isidori, mteja analia, mwambie Isidori, na hakuna aliyemlazimisha, ndiyo ubaya wake, mtu usiyemlazimisha huwezi hata kumwonea huruma. Waswahili wanasema fadhila ya punda ni mateke, lakini kaka yangu alikuwa na bahati mbaya zaidi, sisi hatukumpiga teke, tulimshukuru, na tulipomshukuru akaongeza.

Sasa nimefika kwenye ugonjwa, na hapa ndipo palipoandikwa kwa kalamu.

Karatasi iliyochapwa inasema kwamba tarehe 14 Aprili 2024, siku ya Jumapili, katika mvua kubwa za masika, marehemu alikwenda kwa hiari yake kwenye ghala letu la bondeni, upande wa Jangwani, akaokoa mali ya duka, akaumia mguu. Nimeyakata maneno "kwa hiari yake". Msimu wa masika mimi, msimamizi, huwa napanga zamu ya Jumapili, mtu mmoja akae ghalani na mlinzi, akiona maji yanakuja aite watu na magari, na Jumapili ile zamu ilikuwa yangu, jina langu niliandika mwenyewe. Saa mbili asubuhi niliondoka, nikaenda Kibaha kwenye sherehe ya kipaimara, nikajiambia nitarudi mchana kabla mtu hajajua. Saa tatu na nusu mlinzi wetu, dada Salma, akanipigia simu kwamba maji yamefika mlangoni. Ningeweza kumpigia Dhruv, lakini Dhruv angeniuliza niko wapi. Nikampigia kaka.

Sikumwambia aende. Nimeyarudia maneno yale kichwani mwezi mzima na ninawahakikishia sikumwambia aende, nilisema tu, "Kaka, naambiwa maji yanaingia ghalani, na mimi niko mbali." Alikuwa ametoka misa, amekaa mezani, shemeji amemmiminia chai. Akasema, "Sawa, mdogo wangu, usiwe na wasiwasi," na mimi kweli nikaacha kuwa na wasiwasi, nikarudi kwenye sherehe, nikala. Ndugu zangu, hilo ndilo linaloninyima usingizi, kwamba nilikula vizuri.

Alifika kwa bodaboda, akavua viatu vya kanisani, na kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni alikuwa kwenye maji ya kiunoni, maji yale ya mto Msimbazi mnayoyajua yanabeba nini, yeye na Salma na wapagazi wawili aliowaokota njiani, wanapandisha majora kwenye rafu za juu. Bati lilimkata mguu wa kushoto. Jumatatu aliweka kidole kwenye mashine saa moja na robo kama kawaida, anachechemea, na Dhruv alipomwuliza ilikuwaje akasema alikuwa anapita akaona maji. Akaniangalia mimi, akaangalia pembeni. Tarehe 19 Aprili akapigwa picha ya Mfanyakazi wa Mwezi, na picha mnayoiona mbele ya jeneza ndiyo hiyohiyo, hatukuwa na nyingine nzuri, tumekata tu maandishi ya chini.

Waswahili pia wanasema wema hauozi. Mimi nimeuona wema ukioza, ulianzia kwenye kisigino cha kushoto. Tarehe 24 Aprili alipata homa na maumivu ya misuli, akanywa dawa za duka la dawa akaendelea na kazi, tarehe 27 macho yakawa ya njano, tukampeleka hospitali akalazwa, na madaktari wakatueleza kuwa ni homa ya mgunda, inayotokana na maji yenye mikojo ya panya, nayo ilikuwa imeshafika kwenye figo. Alisafishwa damu mara kadhaa, akapata nafuu, akarudi nyuma.

Tarehe 6 Mei Dhruv alikuja na fomu ya kuomba fidia ya mfanyakazi aliyeumia kazini, na ndani yake kulikuwa na swali, je, siku ya tukio mfanyakazi alikuwa akifanya kazi aliyopangiwa au aliyotumwa, na anayejibu ni msimamizi wake, yaani mimi. Dhruv alikaa na kalamu mkononi akaniambia, na leo narudia maneno yake ili mtu yeyote asimnyooshee kidole, "Jovin, mimi nataka tuandike ndiyo. Nipe jina moja tu la mtu aliyemwita." Nikasema, "Hakuna, bosi, alikwenda mwenyewe." Nikaandika hapana, nikatia saini. Nilikuwa naogopa kufukuzwa kwa kuacha zamu, hiyo ndiyo sababu yote, sina nyingine nzuri zaidi. Dada Salma nilimwomba anyamaze, akakubali kwa kuwa mimi ndiye ninayempangia zamu, na leo namtua mzigo huo, hana kosa.

Shemeji Clotilda hakuwa na habari. Alikuwa amekaa pembeni ya kitanda wiki tatu, anamfuta jasho, na kila nilipoingia nilimkuta anamwuliza swali lilelile, mara kwa upole, mara kwa hasira, "Nani alikutuma, Isidori? Siku yangu moja, chai iko mezani, nani alikutuma?" Naye anajibu, "Hakuna, mama Agnesi, nilipita tu." Shemeji akalia akamwambia kwamba basi alilipenda duka kuliko yeye, kuliko watoto wake, kwamba angalau angesema ametumwa angemsamehe. Mimi nimesimama pale, nimeshika chupa ya uji. Tarehe 12 Mei tulipobaki wawili nilimwambia nitasema, akanikamata mkono, mkono wenyewe hauna nguvu, akasema, "Usiseme. Una watoto wadogo, na kazi hii ndiyo unayoijua. Acha iishe na mimi." Nikaona nafuu. Nilimshukuru, jamani, nilimshukuru mtu anayekufa kwa ajili yangu, kama tulivyozoea kumshukuru kila siku.

Marehemu alifariki dunia siku ya Alhamisi, tarehe 16 Mei 2024, saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka hamsini na nne, na saa moja kabla ya hapo shemeji alimwuliza tena, naye alikuwa hawezi kusema, akatikisa kichwa kukataa. Kwa hiyo shemeji amemuaga mumewe akiamini kwamba siku yao moja aliitupa mwenyewe, na mimi niliyeyafanya hayo nimekula chakula chake cha matanga siku mbili.

Familia inatoa shukrani kwa madaktari na wauguzi waliopigania figo zake mpaka mwisho, kwa Baba Paroko kwa mpako wa wagonjwa, kwa majirani wa Buguruni mliotuletea viti, maji na sufuria bila kuombwa, na kwa wafanyakazi wenzetu mliofunga duka siku ya Jumamosi, jambo ambalo yeye asingekubali. Mama Bharti, asante kwa kuvaa nyeupe, rangi ya msiba ya kwenu. Dhruv, asante kwa gari la kwenda Kibosho, na ile fomu naiomba, niandike upya kwamba alikuwa kazini, kazi iliyoandikwa jina langu, na hapo nitakapotakiwa kuweka jina la aliyemwita nitaweka. Ukishaisoma, nichukulie hatua unayopaswa kunichukulia. Watoto wangu watakula kwa njia nyingine, na kama hawatakula, Agnesi na Vicky nao hawana baba.

Najua kusema hakumfufui mtu. Shemeji yangu Clotilda, sikuombi unisamehe leo, wala kesho, wala usijisikie unalazimika kunijibu tukiwa safarini. Ulimwuliza mara nyingi nani alimtuma. Ni mimi.

Kaka, ulinikataza na nimekukaidi, ndiyo mara yangu ya kwanza kukukaidi na huwezi tena kunigombeza. Mkeo sasa anajua kwamba ile chai hukuiacha kwa kupenda. Pumzika, Isidori, pumzika na hiyo amani niliyokunyima.